Ndani ya mrija wa kaboni, kasi ni mbili

Ukianza kufuatilia habari za mirija ya nano ya kaboni, hutakawia kukutana na kauli mbili zinazogombana. Moja inasema molekuli zikiingia kwenye mrija mwembamba sana hukaa foleni, haziwezi kupitana, na kwa hiyo kila moja husogea kwa taabu kuliko ingekuwa nje. Nyingine inasema maji hupita kwenye mirija hiyohiyo kwa wingi unaozidi hesabu za kawaida mara mia, hata mara elfu. Nilipozisoma zote mbili kwa mara ya kwanza niliamini kwamba mmoja wa waandishi amekosea. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja anazungumzia kasi yake, nasi tumezoea kuziita zote kwa jina moja.

Kabla ya kuzitenganisha, tuuone mrija wenyewe. Chukua tabaka moja la atomu za kaboni, zilizoshikana kwa maumbo ya pembe sita kama sega la nyuki, kisha ulikunje mpaka kingo zake zikutane na kuungana bila mshono. Hapo umepata mrija wa ukuta mmoja. Mirija ikivikana, mdogo ndani ya mkubwa, unapata wa kuta nyingi. Wanasayansi wawili wa Kisovieti, Radushkevich na Lukyanovich, walichapisha picha za mirija ya aina hii mwaka 1952, lakini ulimwengu ulizinduka mwaka 1991, pale Sumio Iijima wa Japani alipoionyesha mirija ya kuta nyingi kwa hadubini ya elektroni. Ya ukuta mmoja ilifuata mwaka 1993.

Siri yote imo kwenye vipimo. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Mrija unaopendwa sana na wanaofanya hesabu za maji una kipenyo cha nanomita 0.81, ukipima kutoka katikati ya atomu ya upande huu hadi katikati ya atomu ya upande wa pili. Ila atomu si nukta, ina unene wake, na unene huo unakula nafasi ya takriban nanomita 0.17 kila upande. Toa hizo mbili, inabaki 0.47 hivi. Molekuli ya maji ina upana wa karibu nanomita 0.28. Mbili zikitaka kusimama bega kwa bega zinahitaji 0.56, na nafasi hiyo haipo. Hesabu hii ndogo ya kutoa ndiyo inayozaa foleni. Hakuna nguvu ya ajabu inayozipanga molekuli, ni kwamba hakuna pengine pa kusimama.

Shanga kwenye mrija

Jambo hili unaweza kulishika kwa mikono. Tafuta mrija wa kunywea unaoonyesha ndani, na shanga zinazotosha kupita moja moja tu. Zijaze, acha nafasi kidogo kidogo kati yake, na moja ya katikati iwe na rangi tofauti. Laza mrija, uzibe ncha zake kwa vidole, kisha uutikise. Shanga zote zinacheza, zinagongana, zinarudi nyuma, zinasonga mbele. Ile ya rangi inacheza pamoja nazo lakini haifiki mbali. Ili isogee kwa upana wa shanga tatu, zote zilizo mbele yake lazima kwanza zisogee, nazo zinagongwa huku na huku bila mpango wowote.

Hiyo ndiyo kasi ya kwanza: kutangatanga kwa molekuli moja. Katika maji ya wazi kanuni yake inajulikana tangu Albert Einstein alipoifafanua mwaka 1905. Molekuli inayosukumwa ovyo na joto haiendi umbali unaolingana na muda. Muda ukiongezeka mara 10,000, umbali wake wa wastani kutoka ilipoanzia unaongezeka mara 100 tu, yaani kwa kipeuo cha pili cha muda. Kwenye foleni isiyo na kupitana adhabu ni kubwa zaidi. Muda ukiongezeka mara 10,000, umbali unaongezeka mara 10 peke yake. Kipeuo cha pili kimechukuliwa mara mbili, kwa sababu kila molekuli inasubiri bahati yake na bahati za jirani zake wote. Wazo hili halikuanzia kwenye kaboni. Mwaka 1955 Hodgkin na Keynes, waliokuwa wakichunguza jinsi ayoni za potasiamu, yaani atomu zenye chaji ya umeme, zinavyopenya nyuzi nene za neva, walilazimika kufikiria mapito membamba ambamo ayoni hupanga mstari.

Sasa acha kuutikisa. Jaza shanga mpaka zigusane, fungua ncha zote mbili, kisha sukuma shanga moja zaidi upande wa kushoto. Papo hapo nyingine inadondoka upande wa kulia. Hakuna iliyompita mwenzake, na bado kitu kimepita. Hii ni kasi ya pili, ya foleni nzima kwa pamoja. Katika treni behewa la nyuma halilipiti la mbele hata siku moja, lakini hilo halizuii treni kwenda mbio. Kinachoamua kasi ya treni ni injini na ulaini wa reli, si kama mabehewa yanaweza kupitana.

Nikimsikia mtu anasema kwamba molekuli ndani ya mrija wa kaboni "zinakwenda haraka", swali langu la kwanza siku hizi ni hilo: behewa au treni?

Maji yanapokubali kuingia

Mwaka 2001 Gerhard Hummer, Jayendran Rasaiah na Jerzy Noworyta walichapisha katika jarida la Nature kazi ambayo mimi naiona kuwa ndiyo mlango wa somo hili zima. Walitumia kompyuta kuiga mrija mfupi kabisa, wenye atomu 144 za kaboni na urefu wa nanomita 1.34, wakauzamisha kwenye maji ya kuigwa na kufuatilia kila molekuli kwa nanosekunde 66. Kaboni haipendani na maji. Mtu angetarajia mrija ubaki mtupu, kama tundu dogo kwenye nta. Badala yake ulijaa haraka, ukakaa umejaa muda wote, ukiwa na molekuli tano hivi zilizojipanga mstari mmoja.

Tusimame mlangoni tuitazame molekuli moja inayokaribia. Nje, katikati ya wenzake, inashikana na majirani karibu wanne kwa vifungo vya hidrojeni. Vifungo hivyo ni dhaifu kikifikiriwa kimoja kimoja, ila vikiwa vingi ndivyo vinavyoyafanya maji kuwa maji. Ndani ya mrija itabaki na majirani wawili tu, wa mbele na wa nyuma. Inapoteza karibu nusu ya mshiko wake, na hasara hiyo peke yake ilitosha kuifukuza.

Kinachoifidia ni mambo kadhaa madogo. Ukuta wa kaboni unaizunguka pande zote na kuivuta kidogo kidogo. Vile vifungo viwili vilivyobaki vinaelekea sawasawa na mrija, havisumbuliwi na majirani wanaogombania nafasi, kwa hiyo ni imara na havitofautiani sana. Tena molekuli inaweza kuzunguka kwenye mhimili wake kwa urahisi, uhuru ambao katikati ya msongamano wa nje haikuwa nao. Ukijumlisha, faida inaizidi hasara, ila kwa kiasi kidogo sana. Watafiti hao walipopunguza kidogo mvuto kati ya kaboni na maji kwenye hesabu zao, mrija ulimwagika ukawa mtupu. Kwenye mvuto wa kati na kati ulijaa na kumwagika kwa zamu, bila kukaa nusu nusu, kwa sababu foleni iliyokatika katikati ina ncha zilizo wazi, na kila ncha ni kifungo kilichopotea.

Hapa shanga zetu zinaanza kutudanganya. Shanga hazishikani, maji yanashikana. Kwenye mrija mfupi na laini kama huu, molekuli hazitangitangi kila moja kivyake. Mnyororo mzima unateleza kama kijiti kimoja: moja inaingia hapa, moja inatoka kule. Ile adhabu ya kipeuo juu ya kipeuo haipati nafasi ya kujitokeza, kwa kuwa anayetembea si molekuli tena, ni mnyororo. Maji yalipita kwa vipindi, mara mfululizo wa molekuli nyingi, mara utulivu, kwa wastani wa molekuli 17 hivi kila nanosekunde.

Mara elfu kuliko nini?

Molekuli 17 kwa nanosekunde ni bilioni 17 kwa sekunde. Inasikika kama mafuriko, basi tuifanyie hesabu. Tone la maji la mililita 0.05 lina molekuli zipatazo 1,700,000,000,000,000,000,000. Hata kama molekuli zote zinazopita zingekwenda upande mmoja, mrija huo mmoja ungehitaji miaka 3,100 kulipitisha tone moja. Weka mirija bilioni 100 ya namna hiyo kwenye sentimita moja ya mraba, na tone litapita kwa sekunde moja.

Kwa hiyo ukisoma "mara elfu", uliza mara moja: kuliko nini? Si kuliko bomba. Ni kuliko utabiri. Kanuni ya zamani ya mtiririko, iliyopatikana kwa vipimo vya daktari Mfaransa Poiseuille na mhandisi Mjerumani Hagen karne ya 19, inasema ukipunguza kipenyo cha bomba kwa nusu, mtiririko unapungua mara 16. Nyuma ya kanuni hiyo kuna dhana moja ambayo watu huisahau: kwamba tabaka la maji linalogusa ukuta limeganda pale, halisogei, na mwendo unaongezeka kadiri unavyoelekea katikati. Kwenye bomba la kawaida dhana hiyo haina madhara. Kwenye mrija ambao maji yote yaliyomo yanagusa ukuta, kusema kwamba maji ya ukutani hayasogei ni sawa na kusema hakuna kitakachosogea.

Mwaka 2005 kikundi cha Chuo Kikuu cha Kentucky kilipima mtiririko kwenye tando zenye mirija ya kipenyo cha nanomita 7 hivi, na mwaka 2006 kikundi cha maabara ya Lawrence Livermore kikapima kwenye mirija isiyofikia nanomita 2. Wote walipata mtiririko unaozidi utabiri wa kanuni ya zamani kwa mbali mno. Wale wa Livermore walisema ni zaidi ya mara elfu. Maji ya ukutani yalikuwa yanateleza.

Wataalamu hupima utelezi huo kwa urefu. Ukiwa sifuri, maji yameganda ukutani. Ukiwa mkubwa kuliko mrija wenyewe, maji yanakwenda kama bonge moja linaloteleza. Uhusiano wake na mtiririko ni mwepesi: gawanya urefu wa utelezi kwa nusu kipenyo, zidisha kwa nne, ongeza moja. Mrija wenye nusu kipenyo cha nanomita 15 na utelezi wa nanomita 300 utapitisha maji mara 81 ya utabiri. Namba hizo si za kubuni, na nitazirudia mwishoni.

Kisha mwaka 2017 likaja jibu linalouunganisha ugomvi wetu wa mwanzo. Watafiti walipachika vipande vifupi vya mirija kwenye utando wa mafuta unaofanana na wa seli, vingine vyenye kipenyo cha nanomita 0.8, vingine karibu maradufu. Ile myembamba, ambamo maji hayana budi kukaa foleni ya moja moja, iliyapitisha kwa urahisi mara kadhaa kuliko ile mipana, na kuliko hata mapito ya maji ya miili yetu, yale ambayo ugunduzi wake ulimpatia Peter Agre Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Mrija ambamo behewa limebanwa kuliko kote ndio ambamo treni ilikwenda vizuri zaidi.

Ukuta usio na vishikizo

Ulaini huu unatoka wapi? Kwa molekuli inayoteleza, ukuta ni mfululizo wa vilima na mabonde ya nishati. Juu ya atomu kuna kilima, katikati ya pembe sita kuna bonde. Atomu za kaboni zimepangana kwa umbali wa nanomita 0.142, nusu ya upana wa molekuli ya maji, kwa hiyo molekuli inagusa atomu nyingi kwa wakati mmoja na vilima vyao vinasawazishana. Kinachobaki ni mikunjo midogo ambayo joto la kawaida linairuka bila kuhisi. Ukikunja tabaka kuwa mrija, atomu za upande wa ndani zinasogeleana zaidi, na mpangilio wa maji unazidi kutolingana na mpangilio wa ukuta. Ndiyo maana hesabu zinaonyesha msuguano ukipungua kadiri mrija unavyokuwa mwembamba, kinyume kabisa na mazoea yetu.

Gesi zinafaidika vilevile. Martin Knudsen wa Denmark alieleza mwaka 1909 kwamba kwenye tundu jembamba molekuli za gesi hugonga ukuta kuliko zinavyogongana zenyewe, na kila ikigonga inasahau ilikotoka, inatupwa upande wowote. Kusahau huko ndiko kunakoichelewesha. Ukuta wa kaboni hauisahaulishi. Methani ikiugonga kwa mshazari inaruka na kuendelea mbele, kama mwanga kwenye kioo. Mwaka 2002 kundi lililowahusisha Skoulidas na Sholl lilikokotoa kwamba hidrojeni na methani zingesambaa ndani ya mirija hii mamia na maelfu ya mara kuliko ndani ya zeolaiti, mawe yenye vitundu ambayo viwanda huyatumia kuchujia gesi.

Chumvi ina hadithi yake, fupi. Ayoni ya sodiamu hutembea imevaa koti la molekuli za maji. Ili ipite mlango wa nanomita 0.8 lazima ivue sehemu ya koti hilo, na kulivua ni gharama kubwa. Ndiyo sababu watu wa kusafisha maji ya bahari wameikazia macho mirija hii.

Lakini kubanwa hakuleti ulaini peke yake. Mwaka 2001 Koga na wenzake walitabiri kwamba maji kwenye mirija ya upana fulani yangejipanga kama barafu yenye umbo la bomba, pete za molekuli tano au sita zikiwa zimerundikana. Vipimo vya eksirei vya Japani viliithibitisha miaka iliyofuata. Na mwaka 2017 kikundi cha Michael Strano katika chuo cha MIT, Marekani, kilionyesha kwamba ndani ya mrija wa nanomita 1.05 maji yanaweza kuwa katika hali ya kuganda kwenye joto la nyuzi zaidi ya 100, pale ambapo nje yangechemka. Kwenye mirija inayotofautiana kwa sehemu moja ya mia ya nanomita, joto hilo lilibadilika sana. Mtu anayesema "maji ndani ya mrija wa nano" bila kutaja kipenyo hajasema kitu bado.

Elektroni zinaingilia

Narudi kwenye zile namba, 15 na 300. Zinatoka kwenye vipimo vilivyochapishwa mwaka 2016 na kundi la Lydéric Bocquet huko Paris. Badala ya kutumia tando zenye mirija mabilioni, ambazo hujui mingapi imeziba, walichukua mrija mmoja wa kuta nyingi, wakaupachika kwenye ncha ya bomba la kioo na kupima mchirizi wa maji unaotoka. Mirija yao ilikuwa na nusu kipenyo cha kati ya nanomita 15 na 50. Kwenye myembamba utelezi ulifika nanomita 300. Kwenye mipana uliporomoka. Kisha wakajaribu mirija ya boroni na nitrojeni, ambayo kwa umbo ni pacha wa ile ya kaboni: pembe sita zilezile, nafasi karibu zilezile. Humo maji hayakuteleza hata kidogo.

Maelezo ya vilima na mabonde hayakutosha tena. Nanomita 15 ni upana mkubwa, mkunjo wake haubadilishi sana mpangilio wa atomu, na mapacha wenye umbo moja hawakupaswa kuachana hivyo. Tofauti yao kubwa iko kwenye elektroni. Za kaboni ziko huru kusogea. Zile za boroni na nitrojeni zimefungwa mahali.

Mwaka 2022 Nikita Kavokine, Marie-Laure Bocquet na Lydéric Bocquet walitoa nadharia kwamba chaji ndani ya maji hutikisika bila kukoma, nazo elektroni za ukuta hutikisika pia, na mitikisiko hiyo ikilingana mapigo maji hukabidhi mwendo wao kwa elektroni. Huo ni msuguano usiotegemea vilima vya atomu hata kimoja. Kwenye mrija mpana wa kuta nyingi, matabaka yamepangana vizuri kama kwenye grafaiti, ile kaboni ya ndani ya penseli, na elektroni zinaruka kutoka tabaka hadi tabaka kwa mapigo yanayokaribiana na ya maji, kwa hiyo msuguano ni mkubwa. Mrija ukiwa mwembamba, mkunjo wa kila tabaka unatofautiana na wa jirani yake, mpangilio unavurugika, elektroni hazirukani tena kwa urahisi, na maji yanaachiwa yateleze.